Subiri Tone Lidondoke, Mangi

Mafuta yameisha. Yale ya Jumamosi. Msiniulize yamekwenda wapi, maana mimi mwenyewe, mkuu wa kaya, mwenye jina kwenye mkataba wa pango, nimeuliza na nimejibiwa kwa neno moja: "Tumepikia." Jibu hili halina pa kushika. Ningeambiwa yamemwagika, ningeomba kuoneshwa sakafu.

Hapa nyumbani nikiitwa "mume wangu" kwa sauti ya taratibu, saa moja jioni, viatu nimeshavua na foleni ya Mbagala bado naisikia kiunoni, najua kuna chombo kimekauka. Huwa ni gesi, au LUKU, au mafuta. Jana yalikuwa mafuta, tena si ya mboga. Ya keki.

Sijui nani alianza habari za keki mtaani kwetu. Zamani keki ilikuwa inakuja na harusi, unapewa kipande cha ukubwa wa kibiriti kwenye tishu, unashukuru. Sasa kila simu ina dada mmoja mwenye aproni nyeupe, jiko lake limetazama bustani, anasema huku anatabasamu: "Mafuta, robo tatu kikombe." Kikombe kipi, dada yangu? Mimi nina kikombe cha bati cha uji, kuna vikombe vya wageni ambavyo haviguswi, na kuna kile kilichokatika mkono kinachopimia mchele. Hata huko kikombe kilikotoka hawajakubaliana: cha Marekani ni mililita 240 hivi, kwingine wanasema 250. Changu cha bati kinakaribia nusu lita. Ukichukua robo tatu ya hicho, utakuwa umekaanga keki.

Basi nikavaa viatu tena. Nikabeba chupa yetu ya mafuta, iliyokuwa ya maji ya kunywa ya nusu lita, na ubavuni ina mstari wa kalamu ambao mke wangu aliuchora ili ajue nimeleta kiasi gani na nimemwaga kiasi gani njiani. Ndoa yetu ina uaminifu, ila mstari upo.

Dukani kwa Mangi. Mangi wetu si Mchaga, ni Mkinga wa Makete, lakini mwenye duka mjini ni Mangi tu, mambo ya ukoo tunaacha nje ya nondo. Ana dumu lake la lita ishirini, na vipimo vyake vya bati vimening'inia kwenye msumari, kikubwa, cha kati na kile kidogo cha aibu. Nikaagiza cha kati. Mangi akachovya, akanyanyua, akamimina kwenye faneli. Yale mafuta yakashuka, yakaanza kupungua, yakawa uzi, uzi ukakatika, na pale pale, wakati mdomoni mwa kipimo kuna tone limenona, zuri, linajiandaa, Mangi akakigeuza kipimo na kukirudisha kwenye dumu.

"Mangi," nikasema. "Subiri."

"Nini tena mzee?"

"Tone."

"Tone gani?"

"Hilo ulilorudisha."

Akanitazama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni: mtoto katumwa sukari ya jero, kijana wa sigara moja, mama mwenye mtoto mgongoni, na binti mmoja wa kidato cha tatu bado kavaa sare. Wote wakasogea. Mtaani kwetu hakuna anayesogea kwa ajili ya taarifa ya habari, lakini mabishano ya dukani watu wanasogea.

"Mzee," akasema Mangi kwa upole wa mtu mwenye mtaji, "hilo tone ni la kipimo."

"Kipimo kinakula?"

"Hapana."

"Kina familia?"

Kijana wa sigara akacheka. Nikapata nguvu. Nikaeleza, kwa utulivu, kama mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa, kwamba mafuta ni mazito, yanang'ang'ania bati. Maji ukiyamimina yanakwenda karibu yote, mafuta yanabaki yanajivuta. Sasa kila mteja akiacha tone, na wateja ni mtaa mzima, na mtaa huu unakula kila siku kasoro tarehe za ishirini na kitu, basi mwisho wa mwezi kuna mtu anakaanga samaki bure, na mtu huyo si mimi.

Mama mwenye mtoto akashika kifua. "Kumbe! Mimi namwachia mwaka mzima!"

Mangi hakutikisika. Wakinga hawajafika walipofika kwa kutikisika. Akasema, "Mzee wangu, hebu fikiri. Kipimo kilivyokuja kwako, kilikuja na tone la aliyekutangulia. Hilo umelichukua, umenyamaza. Sasa lako likibaki kwa anayefuata unapiga kelele. Wewe unataka matone mawili?"

Jamani. Nilikaa kimya. Hoja ile iliingia, ikazunguka, ikakosa pa kutokea. Foleni yote ikaanza kumkubali. Nikaona haki yangu inaondoka hivi hivi.

Ni yule binti wa kidato cha tatu aliyeniokoa. Akasema polepole, jinsi wanavyosema watoto wanaojua kwamba wako sahihi: "Lakini anko, kipimo kikijaa kimejaa. Hata kama kilikuwa kimelowa, hakiwezi kujaa zaidi. Kwa hiyo hajapata tone la mtu. Amepata kipimo, toa tone."

"Toa tone!" nikarudia. "Mmesikia? Huyu mtoto apewe peni."

Mangi akabadili uwanja. Akaonesha kwa kidole stika iliyobandikwa kwenye mizani yake. "Mimi Wakala wa Vipimo wameshanihakiki."

"Wamehakiki mizani," nikasema. "Huo mkono unaogeuza kipimo kabla ya wakati, umehakikiwa na nani?"

"Basi nikupimie kwa kilo, tuishe!"

Hapo binti akanivuta shati. Akaninong'oneza kwamba lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni gramu 920 hivi, ndiyo maana yanaelea juu ya maji. Kwa hiyo mtu akikupimia nusu kilo, umepata zaidi ya nusu lita. Nilisikia joto la furaha miguuni. Nikamgeukia Mangi, nikakunja uso wa kuonewa, nikasema haya bwana, kama ndivyo unavyotaka, mimi ni nani, pima nusu kilo kwa bei ile ile.

Mangi akanyanyua chupa hadi kwenye sahani ya mizani. Akasita. Akamtazama binti. Akanitazama mimi. Akaishusha.

"Mafuta hayapimwi kwa kilo," akasema.

Anajua! Alikuwa anajua siku zote!

Hapo heshima yangu ikaniponyoka. Nilisema mambo ambayo mke wangu aliyasikia kutoka nyumbani. Nilitaja kodi ya pango, nikataja ada, nikataja nauli, nikataja hata vitu visivyomhusu Mangi, kama ile barabara yetu inayochimbwa kila baada ya kusawazishwa. Mangi naye akapandisha, akasema kwao Makete asubuhi ya mwezi wa saba mafuta yanaganda, watu wanayachota kwa kijiko, na hajawahi kumuona mzee mzima anadai tone. Kijana wa sigara akasema, "Mzee chukua hii sigara yangu, tuondoke." Mtoto wa sukari akaanza kulia.

Mwishowe Mangi, kwa hasira, akayarudisha kwanza mafuta yangu kwenye dumu ili tuanze upya mbele ya mashahidi, akachovya kipimo tena, akakijaza, akamimina, kisha akakishika kipimo kimeinama juu ya faneli na kuganda hivyo hivyo. Tukanyamaza wote. Tone likaanza kuvimba. Likarefuka. Likawa linaning'inia kwa kitu ambacho hukioni. Mama akasema "bado." Binti akasema "linakuja." Hata yule mtoto akaacha kulia.

Umeme ukakatika.

Giza totoro. Hakuna aliyepumua. Kisha ikasikika sauti ya Mangi, tulivu, ya mtu aliyepumzika: "Limedondoka, mzee."

"Sijaliona."

"Limedondoka," akasema kijana wa sigara. "Limedondoka, nimelisikia," akasema mama, yule yule aliyeshika kifua. Na binti wa kidato cha tatu, tegemeo langu, akasema, "Anko, limedondoka, mpe hela." Ndipo nilipojua kwamba kila mtu ana nyumbani kwake.

Usidhani kwamba nililalamikia bei. Bei nilishaacha. Mwaka 2022 mafuta yalipopaa Mangi alituambia ni vita ya Ukraine, kunakotoka alizeti. Tukakubali. Akasema Indonesia wamezuia mawese yao yasitoke, na ni kweli walizuia tarehe 28 Aprili. Lakini walifungua tarehe 23 Mei mwaka ule ule! Hata mwezi haukutimia. Taarifa ya kufungwa ilifika dukani kabla ya jua kuzama, ya kufunguliwa nadhani ilipanda meli. Na sisi wenyewe tuna Singida. Ukipita na basi unaona chupa za alizeti zimepangwa barabarani, za dhahabu, watu wanashuka kununua madumu. Shemeji yangu akitoka huko huwa anatuletea dumu, na wiki hiyo mchicha wetu unajifunza kuogelea.

Maana mke wangu hapimi. Anamimina na kusikiliza. Sufuria ikijibu vile anavyotaka, anaacha. Nikimuuliza ni kiasi gani, ananiambia "mkono unajua." Nami nimechunguza: mkono huo unajua zaidi wakija ndugu wa upande wake.

Kwenye redio mtaalamu wa lishe anasema kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, mililita 15, kina kalori kama 120, tupunguze. Shangazi yangu anayeishi nasi alimsikiliza sana, maana ana presha na kliniki walishamwambia. Akapiga marufuku mafuta kwenye mboga zake. Mboga tu. Chapati hazimo kwenye marufuku. Na chapati, kwa wasiojua, inatiwa mafuta kwenye unga, ikisukumwa inapakwa tena kabla ya kukunjwa ili iwe na tabaka, kisha inaogeshwa kwenye kikaango. Shangazi anakula tatu kwa mchicha wa kuchemsha, anasema anajisikia mwepesi.

Halafu hawa wanaoandika mapishi: "kaanga nyanya mpaka mafuta yajitenge." Yajitenge na nani? Kwetu tarehe ishirini na tano yanakuwa peke yake tangu mwanzo.

Jirani naye anakuja kuomba "kijiko kimoja tu" akiwa na bakuli.

Keki iliiva, kwenye sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko. Mapishi aliyoyachagua mke wangu mwishowe yalikuwa ya siagi robo kilo, akaona mafuta ni yale yale, akaweka kwa wingi ule ule. Mpwa wangu, ambaye huwa anazungumza baada ya tukio, akatueleza kwamba siagi ni mafuta asilimia 80 hivi, kinachobaki karibu chote ni maji, kwa hiyo ilitakiwa gramu 200. Tulimshukuru tukiwa tunaramba vidole. Karatasi ya chini ya keki ungeweza kuiweka dirishani badala ya kioo.

Lakini yote hayo ni afadhali kuliko maandazi ya pale kona. Yule mama namheshimu, anaamka saa kumi. Ila mkaa umepanda, na yeye anabana moto, mafuta hayachemki sawasawa. Andazi likitumbukizwa kwenye mafuta ya moto linafunga ngozi na kuelea, kwenye mafuta ya uvuguvugu linakaa pale linakunywa. La kwangu leo asubuhi lilikuwa limekunywa mpaka limelewa. Tena amenifungia kwenye gazeti, na mafuta yakapenya, nikawa nasoma ukurasa wa mbele na wa nyuma kwa mpigo, mpira umeingia kwenye tanzia.

Na katikati ya tanzia na mpira nikaona tangazo. Nafasi za kazi, madereva, leseni hai, uzoefu, mshahara mnono. Shemeji yangu wa Singida anatafuta kazi ya udereva tangu zamani, na siku akipata labda ataacha kukaa kwetu akija mjini. Nikasoma taratibu: maombi yatumwe kwa anuani ifuatayo kabla ya tarehe. Tarehe ipi? Hapo ndipo andazi lilipokuwa limekaa. Duara jeusi, hakuna anuani wala tarehe.

Nikarudi kona mbio. Mama akasema gazeti lile lilikuwa na nakala mbili, anauziwa kwa kilo, na nyingine ameshafungia watu wa saa moja moja. Anakumbuka kipande hicho alimpa mtu wa bodaboda, au yule mwalimu mwenye begi la kijani, maandazi manne. Mwalimu nimempigia, hapokei, yuko darasani. Boda wenyewe wako kijiweni lakini wanataka niwaambie kwanza mshahara ni kiasi gani.