Saksifraga: Jiwe Lililovunjwa ni la Mwamba au la Figo?

Saksifraga ni mimea mifupi ya maua inayopendwa sana na watunzaji wa bustani za mawe. Jina lake, Saxifraga, limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini: saxum, yaani jiwe au mwamba, na frangere, yaani kuvunja. Hadi hapo hakuna anayebisha. Wanachobishania watu ni jiwe lipi.

Vitabu vingi vya bustani hujibu harakaharaka kwamba ni mwamba: mmea huota kwenye nyufa, mizizi ikazama, jiwe likapasuka. Jibu hilo lina mashiko. Saxifraga oppositifolia, yenye maua ya zambarau, imekutwa kwenye mlima Dom, Uswisi, zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Anayeiona imejibana kwenye ufa wenye udongo usiojaza hata kijiko hawezi kulaumiwa akidhani ni yenyewe iliyoupasua.

Jibu la pili linahusu vijiwe vya figo na kibofu. Hili kwa kawaida hupewa sentensi moja mwishoni, tena kwa kicheko kidogo, kana kwamba ni porojo za waganga wa zamani. Nadhani linaonewa.

Shahidi wake mkubwa ni Plinio Mzee, mwandishi Mrumi aliyefariki mwaka 79 volkano ya Vesuvio ilipolipuka. Katika kitabu chake cha elimu ya viumbe anaeleza mmea unaoyatoa na kuyavunja mawe yaliyo mwilini, kisha anaongeza kwamba, kwa maoni yake, hiyo ndiyo sababu Warumi waliuita saxifragum, kuliko kule kuota kwake mawemawe. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Ubishi tunaoufanya leo ulikuwapo tayari enzi zake, naye alikizungumza Kilatini tangu utotoni, akazipima sababu zote mbili na kuchagua ugonjwa.

Kuna tatizo, na wa upande wa mwamba wana haki ya kulishika: mmea anaoueleza Plinio ni aina ya kangaga, wala si saksifraga ya leo. Ushahidi wa kangaga unaihusu nini saksifraga? Mimi naona hapo hoja ya figo inazidi kupata nguvu. Jina halikuwa mali ya mmea mmoja, lilifuata matumizi. Pimpinella saxifraga ni wa ukoo wa karoti, hauna undugu wowote na saksifraga, lakini nao uliwahi kutumika kama dawa ya vijiwe. Na huko Peru, mbali kabisa na Warumi, Phyllanthus niruri huitwa kwa Kihispania chanca piedra, yaani mvunja jiwe, nao huota kwenye udongo wa kawaida tu. Jiwe linalokusudiwa ni lile linalomtesa mgonjwa.

Halafu tuitazame Saxifraga granulata, ambayo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka kwenye jenasi hii, yaani kundi la mimea yenye jina la Saxifraga, mwaka 1753. Hii huota sana kwenye majani ya malisho, mwamba hauhitaji. Ukiing'oa taratibu, chini ya shina unakuta vijitunguu vya mviringo, vidogo kama punje, kila kimoja kikiwa tayari kuota mmea mpya. Waganga wa Ulaya walioamini kwamba umbo la mmea hudokeza ugonjwa unaoutibu waliona hapo vijiwe vyenyewe. Kwa mmea wa malisho, maelezo ya mwamba yanaelea hewani.

Na je, saksifraga huvunja mwamba kweli? Mizizi ya mimea inaweza kuupanua ufa polepole, na asidi zake huyeyusha chokaa kidogo. Lakini kazi nzito milimani hufanywa na maji: yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamebanwa ndani ya ufa hapo ndipo jiwe linapoachia. Mmea kwa kawaida hufika ufa ukiwa tayari upo. Tena baadhi ya saksifraga, kama Saxifraga paniculata, hutoa maji yenye chokaa kupitia vitundu vya kingo za majani. Maji yakikauka, hubaki ukoko mweupe. Mvunja mawe huyo kazi yake ni kutengeneza mawe!

Kusema jina lilitoka kwenye tiba si kusema tiba ilifanya kazi. Jina linaonyesha wagonjwa walitarajia nini tu, na mwenye maumivu ya figo aende hospitali, asichemshe maua.

Sidai maana ya mwamba ifutwe. Plinio mwenyewe anaonyesha kwamba ilikuwa ikisikika zamani hizo, na watu walipoanza kuzijua saksifraga kupitia bustani za mawe badala ya maduka ya dawa, ilikuwa lazima itangulie. Lakini kibao cha bustani kinachotaja asili ya jina kingeanza na figo, kisha ndipo mwamba ufuate.