Aliyetutoa machozi ni mshairi au mwimbaji?

Mstari wenyewe ni huu: "Chombo kimetweka, nami nimesalia." Ukiusoma kwenye karatasi hauna la ajabu. Jahazi limeondoka, mtu kabaki gatini. Kila siku mbele ya forodha ya Amu, yaani Lamu, vyombo hutweka na watu husalia, na hakuna anayetafuta leso ya kufutia machozi.

Sasa njoo usiku wa harusi moja mtaa wa Langoni. Wanawake wako ndani, sisi wanaume tuko barazani na kahawa yetu. Bibi mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akauimba mstari ule mara nne. Hatukumwona uso wala mikono, ilitufikia sauti tu kupitia dirishani. Mara ya tatu mazungumzo yakakatika yenyewe. Mara ya nne mzee aliyekaa karibu yangu, baharia wa zamani, akainuka akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi yake ugomvi ukaanza. Ustadhi mmoja anayetunga mashairi, na anayeheshimika kwa hilo, alisema tumelizwa na koo, si na utungo. "Maneno gani yale? Mtoto wa madrasa angeyatunga. Hata mizani hailingani, sita kwa saba!" Nilihesabu silabi kwa vidole. Kweli, sita kwa saba.

Ustadhi asidhaniwe ana wivu. Ana hoja, tena nzito. Mji huu umelelewa na maneno. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa hapa mwaka 1927, alitumia umri wake kukusanya tungo za kale na istilahi zilizokuwa zinapotea. Zein l'Abdin, mwana wa Amu aliyehamia Mombasa na kupiga udi hadi alipofariki mwaka 2016, alisifiwa kwa vidole vyake na pia kwa kuchagua mashairi ya wajuzi. Mtu alitoka kwenye tarabu yake na beti kichwani, anazifumbua njia nzima mpaka nyumbani.

Kuna na kutunza. Mwanamke anapoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, mara nyingi anakuwa amelisubiri fumbo lake, lile linalomsemea mbele ya fulani aliyekaa safu ya pili. Noti inalipa neno. Kama sauti ingekuwa ndiyo kila kitu, angeinuka popote pale.

Mfano mwingine unatoka Unguja. Siti binti Saad, mwimbaji wa tarabu aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, alikejeliwa kwa wimbo ulioeleza alivyotoka shamba na kaniki zake, kisha ukauliza: kama si sauti angekula nini? Walitaka kumdunisha, yaani hana lolote ila koo. Jibu lake halikuigusa sauti. Alisema uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Ustadhi wetu hulipenda sana jibu hilo, na sioni ajabu.

Hata hivyo, turudi dirishani, maana nadhani ustadhi alihesabu mizani akasahau kusikiliza.

Kwanza, ile mizani iliyopungua bibi aliilipa mwenyewe. Silabi ya mwisho ya "kimetweka" aliivuta ikawa mbili, ikapanda kama tanga linavyopandishwa, polepole na kwa kusitasita. Kiswahili kinamruhusu mwimbaji jambo hili, kwa kuwa karibu kila silabi yetu inaishia kwenye irabu. Mlango uko wazi, pumzi inapita mpaka ikome yenyewe. Halafu akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko ulivyotakiwa. "Nami" ikaja chini, karibu na usemi wa kawaida, kama mtu anayejisemea.

Kisha "nimesalia". Tunapozungumza, mkazo hukaa kwenye "li", tukapita. Yeye alilikata neno baada ya "nimesa", akavuta pumzi tukaisikia, ndipo akamalizia: "lia." Kumbe ndani ya kusalia mna kulia! Neno nimelitumia maisha yangu yote sijaona kilichomo. Sidhani hata aliyeutunga mstari alikiona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ustadhi, ingawa si kwa umbali anaoudhani. Bibi hakutia kilio mahali ambapo hakikuwapo. Alikikuta kwenye neno akakifunua. Na aliweza kwa sababu mstari ni mwepesi. Angepewa ubeti uliosheheni mafumbo matatu na msamiati wa kufunguliwa kamusi, akili zetu zingekuwa zinahangaika kufumbua, na ile pumzi tusingeisikia.

Wa kale walilijua hili. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na sehemu kubwa ya lugha yake ni ya nyumbani: anaeleza kuwa maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, hajapata kumwambia mwanawe neno jema. Beti zinamalizikia kwa kina kimoja, "ya". Usome kimyakimya, kina hicho kinachosha. Ukighaniwa kwa mahadhi, ile "ya" inayorudi na kurudi inakuwa pumzi ya mtu aliyelala kitandani. Maneno ameyapanga mshairi, ndiyo, lakini kayapangia koo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema maneno hayahitajiki kabisa. Hutoa ushahidi wa Maulidi yetu ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, pale Msikiti wa Riyadha, ambapo kasida za Kiarabu na matari huwatoa machozi watu wasioweza kufasiri mstari mmoja. Siwafuati huko. Yule mtu hajui kila neno, lakini anajua ni nani anayesifiwa, na mapenzi hayo amekuja nayo kutoka kwao. Mtoe mtu asiyejua lolote, mketishe pale, atasema pazuri, kisha ataulizia chakula.

Ninachokiogopa kiko upande wa sauti zaidi ya upande wa maneno. Sauti nzuri hubeba uongo bila kulemewa. Tumeona wakati wa kampeni, mwimbaji hodari anakodiwa, umati unasisimka, na ukiuliza kesho yake kilichosemwa hupati jibu. Na sasa mitambo ya studio inanyoosha kila mkwaruzo. Ule mkwaruzo wa bibi wa Langoni ungesafishwa, na pumzi aliyoivuta katikati ya neno ingekatwa ikahesabiwa kuwa kosa. Nina hakika yule baharia asingeinuka.

Nilimpelekea ustadhi hoja ya "lia". Alikaa, akairudia kwa midomo, akatabasamu kidogo. Kisha akaniuliza: "Na mama yako, anapombembeleza mjukuu, husema nini?" Nikafikiri. Mama hasemi neno. Ni "ooo" ndefu inayopanda na kushuka, na mtoto, ambaye hajui kusalia wala kulia kwa maana ya kamusi, husinzia. Sina jibu la hilo bado, naye anajua sina, maana tangu siku ile tukikutana njiani huniamkia kwa "ooo" ndipo anisalimu.