Sakafu ya boti zetu ifuate mizigo na miguu ya Kivu

Kwa boti nyingi za ziwa Kivu, sakafu ndiyo kitu kinachofikiriwa mwisho kabisa. Mwenye boti hununua mbao au bati, humlipa fundi, hutafuta injini inayomeza sehemu kubwa ya mtaji wake, hushughulikia karatasi za bandari, na siku chombo kinapokaribia kushushwa majini ndipo anapokumbuka kwamba watu watahitaji pahali pa kusimama. Hapo hutolewa kopo la rangi ya mafuta ing'aayo, ile ile inayopakwa kwenye milango ya nyumba, nayo hupakwa kutoka tezi hadi omo. Siku ya kwanza inapendeza. Mvua ikinyesha, au mawimbi yakiruka ukingo, rangi hiyo haina hata punje moja ya kuishika soli ya kiatu.

Maoni yangu ni haya: kwa boti zinazobeba watu na mizigo kati ya Goma, Minova, Idjwi, Kalehe na Bukavu, sakafu inayofaa kuliko nyingine ni rangi ngumu iliyonyunyiziwa mchanga, ambayo fundi wa ufukweni anaweza kuipaka na kuitia viraka mwenyewe. Bati lenye vinundu, na lile povu la rangi mbili (sponji ya plastiki ya kubandikwa sakafuni) ambalo vijana hulitamani wanapoliona katika picha za boti za Ulaya na Marekani, vina pahali pake, lakini pahali hapo si katikati ya sitaha zetu.

Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya watu wa boti za starehe baharini: wachache, wamevua viatu, hawana mzigo mikononi, na wasiwasi wao mkubwa ni chumvi. Maji ya Kivu si ya chumvi kama ya bahari, na abiria wetu si hao. Abiria wetu ni mama mwenye mtoto mgongoni na kapu kichwani, amevaa sandali za plastiki zilizolika kisigino, anapanda chombo alfajiri huku akisukumwa kutoka nyuma. Ni mchukuzi aliyebeba gunia la maharagwe, asiyeweza kuitazama miguu yake. Ni mbuzi pia, na kinyesi cha mbuzi. Sakafu hiyo hiyo humwagikiwa na maji ya sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa Kivu, na mawese yanayovuja kutoka kwenye bidoni isiyofungwa vizuri, na mazutu (dizeli) karibu na injini, na tope la ufukweni lililobebwa na viatu vya watu wote. Juu yake huburutwa kreti za bia. Anayenunua sakafu bila kuyakumbuka hayo ananunua sakafu ya boti ya mtu mwingine.

Mtu huteleza kwa sababu utando mwembamba wa maji au mafuta unabaki kati ya soli na sakafu, na soli haigusi kitu kigumu. Sakafu nzuri hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ina ncha ndogo ndogo zinazoupenya utando huo, na ina nafasi kati ya ncha hizo ambamo kioevu kinaweza kukimbilia. Maji ni mepesi, hukimbia haraka. Mafuta ni mazito, hayakimbii kirahisi, kwa hiyo mahali penye mafuta panahitaji ncha ndefu zaidi na nafasi pana zaidi. Ndiyo maana sakafu inayomshika mtu vizuri siku ya mvua inaweza kumwangusha siku ya mawese, na ndiyo maana neno la muuzaji kwamba bidhaa yake «haitelezi» halina maana mpaka aseme haitelezi katika nini.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelipatia jambo hilo vipimo, na si vibaya mnunuzi wa Goma akavijua hata kama hana maabara. Ujerumani wana kipimo cha mteremko: mtu aliyevaa viatu vya kazi hutembea juu ya sakafu iliyopakwa mafuta ya injini huku sakafu hiyo ikiinuliwa taratibu, na pembe ambayo anaanza kuteleza ndiyo inayoipa sakafu daraja. R9 ni ya nyuzi 6 hadi 10 tu, R10 huishia nyuzi 19, R11 huishia 27, R12 huishia 35, na R13 ni zaidi ya hapo. Kwa miguu mitupu hutumiwa maji ya sabuni, na madaraja huitwa A, B na C, kuanzia nyuzi 12, 18 na 24. Uingereza hupendelea mkono wenye kipande cha raba unaobembea na kukwaruza sakafu iliyolowa. Ukionyesha 36 au zaidi, hatari ya kuteleza huhesabiwa kuwa ndogo, na ukionyesha chini ya 25 huhesabiwa kuwa kubwa. Kwa sitaha inayoyumba na yenye mafuta ya samaki, mimi nisingekubali chini ya R11, na karibu na injini ningetaka R12. Asiye na cheti chochote anaweza kuchukua kipande cha ubao kilichopakwa rangi anayoifikiria, akakilowesha kwa maji yaliyotiwa mawese kidogo, akaweka juu yake kiatu cha zamani chenye jiwe ndani, kisha akainua upande mmoja. Hatapata daraja lolote kwa njia hiyo, lakini akivilinganisha vipande viwili ataona upesi kipi kinakiachia kiatu kwanza.

Bati lenye vinundu ndilo linalodanganya watu wengi. Kwa kuwa lina maua yaliyoinuka, macho hudhani kwamba linashika. Kwa kweli vinundu hivyo ni laini juu, vimesambaa mbali mbali, na vikilowa au kupata mafuta, soli hukaa juu ya vilele vichache vinavyoteleza. Zaidi ya hayo, kila upakuaji wa mizigo huzidi kuving'arisha. Bati hilo hustahimili mapigo vizuri sana, na mahali ambapo mizigo mizito huangushwa lina haki ya kuwepo, lakini nalo lipakwe rangi yenye mchanga. Kuna mafundi watakaocheka wakiambiwa wapake rangi juu ya bati la vinundu. Waache wacheke.

Povu la EVA, lile linaloletwa katika mikunjo na kubandikwa kwa gundi yake lenyewe, ni tamu kwa miguu na hushika vizuri likiwa jipya na safi. Udhaifu wake ni kreti. Likiburutiwa kitu chenye pembe hukatika, likiwekewa mzigo mzito kwa muda mrefu hubonyea, na mafuta yakipenya ukingoni gundi huanza kuachia, maji yakaingia chini na kukaa humo yakilainisha mbao. Jua nalo si la kupuuzwa: tuko karibu na ikweta, na uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako miale ya jua huunguza zaidi kuliko pwani. Povu jeusi wakati wa adhuhuri halikanyagiki kwa mguu mtupu.

Kuhusu kapeti sitasema mengi. Hunyonya maji ya samaki, hunuka, huozesha ubao ulio chini yake, na hujikunja pembeni hadi kumkwaa mtu mguu. Vipande vya tairi vilivyopigiliwa misumari ni afadhali kidogo, mradi vichwa vya misumari vizamishwe na vipande vyenyewe viondolewe mara kwa mara ili kukausha chini yake. Kwa ngazi ndogo ni suluhisho la maana. Msaji, ule mti unaosifiwa katika boti za matajiri, hushika vizuri hata ukiwa umelowa, lakini bei yake si ya chombo kinachobeba mihogo. Jambo la kukumbukwa ni kwamba mbao zisizopakwa kitu, zilizopigwa brashi ngumu kukingama na nyuzi zake, hushika kuliko mbao zilizopakwa rangi ing'aayo. Wavuvi wa sambaza wanaofanya kazi usiku kwa miguu mitupu juu ya miti inayounganisha pirogi zao hawajawahi kuhitaji kopo la rangi ili kusimama wima.

Mchanga, basi. Watu wa Goma tunakaa juu ya mawe ya Nyiragongo; mlima ulitumwagia lava hadi ziwani Januari 2002, ukarudia kutushtua Mei 2021, na kila ua lina changarawe nyeusi. Kwa hiyo fundi huinama, huokota vumbi la lava, hulichanganya kwenye kopo na kuanza kupaka. Siupendi utaratibu huo kwa sababu kadhaa. Lava ya aina hiyo ina matundu, hunyonya rangi, na ncha zake ni kali lakini hubomoka, hivyo siku za mwanzo inamkwaruza mtoto anayetambaa na baadaye inabaki vumbi. Rangi yake nyeusi hukusanya joto. Tena, mchanga wowote ukichanganywa kwenye kopo huzama chini, na fundi humaliza omo akiwa na rangi tupu na tezi akiwa na uji wa mawe.

Mchanga unaofaa ni mweupe na mgumu, uliooshwa, ukakaushwa kabisa na kuchekechwa ili punje zilingane, ziwe kubwa kuliko za chumvi laini lakini zisifikie kokoto. Sitaha husuguliwa kwa msasa hadi mng'ao wote wa rangi ya zamani uondoke, na mafuta hufutwa kwa kiyeyushi. Mbao zenye mafuta ya asili, kama mvule, zinahitaji kufutwa mara tu kabla ya kupakwa, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda. Kisha hupakwa rangi ya msingi, na juu yake tabaka la epoksi, rangi ngumu ambayo sehemu zake mbili huchanganywa kabla ya kupaka, na tabaka hilo likiwa bado bichi, mchanga hunyunyizwa kwa mkono hadi rangi isionekane tena. Likikauka, mchanga uliozidi hufagiliwa, halafu hupitishwa tabaka jembamba la kufunga. Jembamba, narudia, kwa sababu tabaka nene hujaza nafasi zote na kuirudisha sakafu kwenye hali ya mlango wa nyumba. Epoksi peke yake huchakaa na kutoa unga juani, kwa hiyo tabaka la mwisho liwe la poliyurethani, la rangi ya kijivu hafifu au ya udongo mweupe. Kazi hiyo ifanywe kati ya Juni na Agosti mvua zikiwa zimepungua, na isianzwe asubuhi umande ukiwa bado juu ya bati.

Watu huiandaa sitaha vizuri na kuusahau ubao wa kupandia. Mimi naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ubao ule una upana wa miguu miwili, una mteremko unaobadilika kadiri chombo kinavyoinuka na kushuka, umelowa muda wote, na kila abiria anaukanyaga akiwa na tope la nchi kavu. Kama mwenye boti ana fedha za mita chache tu za rangi nzuri, aanze hapo, apigilie na vipande vya mbao vya kukingama ili mguu upate kizuizi, kisha aende kwenye ngazi na ukingo ambao watu huukanyaga wakirukia ndani, ndipo ashughulikie katikati ya sitaha.

Kuna watakaosema kwamba nazungumzia rangi wakati watu wanakufa kwa sababu nyingine. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa nchi kavu, na kilio kilichofuata kilihusu vyombo kujazwa kupita kiasi. Ni haki. Hakuna sakafu inayookoa chombo kilichojazwa namna hiyo. Ila katika chombo kilichopakiwa kwa kiasi, wimbi linapokiinamisha, mtu aliyesimama imara hubaki pahali pake, na walioteleza hukusanyika wote upande uliozama, pamoja na magunia yao, wakiongeza uzito pale pale ambapo haukutakiwa. Msimamo wa miguu ni sehemu ya msimamo wa chombo.

Lawama nyingine, kwamba sakafu ya mchanga ni ngumu kusafisha, ina ukweli. Magamba ya sambaza hunasa kati ya punje na kuanza kunuka. Inahitaji brashi ngumu na maji ya sabuni kila jioni, na vijana wa chombo watalalamika kwa sababu rangi laini walikuwa wakiimwagia ndoo moja tu na kwenda zao. Mwenye boti awalipe kwa kazi hiyo, na ahifadhi kopo dogo la rangi ile ile pamoja na mchanga wake, kwa kuwa mbele ya ngazi na karibu na usukani patakwisha mapema kuliko kwingine, nako kutiwa kiraka ni kazi ya nusu siku chombo kikiwa kimefungwa. Na kama bado analitamani lile povu la rangi mbili, hakuna ubaya: alikate kipande, akibandike juu ya kiti cha nahodha.