Nilivyovuliwa Texas (Siyo Nguo)

Kwetu Tanga papa nilimjua akiwa tayari ameshakufa, amepigwa chumvi, amekauka kama kanda mbili iliyosahaulika juani. Mama alikuwa anamroweka usiku, asubuhi anamchambua, mchana nyumba nzima inanuka mchuzi wa nazi na majirani wanapita "kusalimia". Papa mwenye macho na meno, anayepumua, sijawahi kumwona. Baharini nilikuwa naingia mpaka magotini, Idi kwa Idi.

Lakini ukishabeba boksi miaka sita Houston, ghala moja na watu ambao ukiwaambia Tanga wanadhani unazungumzia dansi, unaanza kuongeza chumvi mwenyewe. Siku moja wakati wa mapumziko nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya ngalawa, kwamba sisi watu wa pwani papa tunamvua tangu utotoni. Sikujua Kapteni yuko nyuma yangu.

Kapteni ni msimamizi wetu wa zamu, Mtexas mwenye ndevu kama ufagio wa chelewa. Jina tumempa sisi. Ana ugonjwa mmoja tu, papa, tena wakubwa, na anawavua akiwa amesimama mchangani, hana boti. Akishampata anampima, anamtoa ndoana, anamrudisha. Nilimuuliza mara tatu. Anamrudisha wapi? Baharini. Baada ya kumvua? Ndiyo, baada ya kumvua. Rafiki yangu Mkongo, mtu wa Bukavu aliyekulia Ziwa Kivu na sambaza zake, akaninong'oneza: "Yaya," yaani kaka, kwa Kiswahili cha kwao, "hawa watu hawajalalaka njaa."

Basi Septemba, mwisho wa wiki, tukajikuta watatu ndani ya pikapu kuelekea Corpus Christi, kama mwendo wa saa tatu na nusu kutoka Houston, halafu Padre Island. Sehemu kubwa ya kile kisiwa ni hifadhi ya taifa. Lami inaisha, na barabara yenyewe inakuwa ufukwe: karibu maili 60 za mchanga, upande mmoja bahari, upande wa pili vichuguu vya mchanga, na baada ya maili tano za mwanzo kama gari lako si la kuvuta magurudumu manne unashauriwa ugeuze. Duka hakuna. Mtandao wa simu ulikata mapema tu, nikiwa katikati ya kumwambia Mama aniombee dua. Tulikwama mara moja pale wanapopaita Big Shell, ambapo mchanga ni makombe matupu, tukachimba, tukatoka. Hayo tuyaache.

Vifaa sasa. Mshipi karibu mita elfu moja kwenye rili kubwa kama sufuria ya pilau ya watu ishirini. Ufito umesimamishwa juu kabisa ya pikapu ili mshipi upite juu ya mawimbi. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, lenye miguu ya waya ya kung'ang'ania mchanga. Na ndoana: duara, nene kama kidole changu cha shahada. Kapteni akanishikisha na kunisomea sheria. Texas, tangu 2018, ukivua papa lazima utumie ndoana ya duara, kwa sababu haishuki tumboni, inateleza mpaka pembeni mwa mdomo na kunasa hapo. Na isiwe ya chuma cha pua, ili mshipi ukikatika, kutu iimalize na papa aendelee na maisha yake. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Kumbe nilikuwa naelezewa maisha yangu.

Chambo kilikuwa nusu ya taa, yule samaki bapa. Mikizi ilikuwa inaruka kila mahali, ndio msimu wake wa kuhama, na Kapteni akasema nyuma ya mikizi wapo kolekole, na nyuma ya kolekole wapo wenyewe. Tatizo ni kwamba nusu ya taa huwezi kuirusha kwa mkono ikafika kwa wenyewe. Inabidi mtu aipeleke, kwa kayaki, avuke mafungu ya mchanga, mawimbi yakiwa yanavunjika juu ya kila fungu.

Kapteni akanitazama mimi. Mkongo naye akanitazama. "Yaya, si wewe ndiye wa bahari?"

Maelekezo yalikuwa mepesi. Piga kafi moja kwa moja. Ukivuka fungu la mwisho, mwaga chambo. Kisha nyanyua kafi juu mara mbili, hiyo ndiyo ishara, nasi huku tutakaza mshipi. Wakanivisha jaketi okozi la rangi ya chungwa, wakaniwekea taa wa watu mapajani, na jua likiwa linazama nikasukumwa.

Fungu la kwanza nikavuka. Nasema kweli, nilivuka vizuri, hata nikageuka kidogo kuangalia kama wanapiga picha. Na kugeuka kule ndiko kulikoniponza, kwa sababu wimbi la fungu la pili halikunisubiri nimalize. Lilinipiga ubavuni, kayaki ikalala, nami nikaingia majini kichwa mbele nikiwa nimemkumbatia yule taa kama mtoto mchanga.

Nilipoibuka nilikuwa na kafi mkononi, na kitu kinanivuta bega. Nikapapasa. Ndoana ilikuwa imepita kwenye mkanda wa jaketi, bega la kushoto, pembeni kabisa, palepale ambapo sheria inataka. Nikajaribu kuichomoa, wapi! Chambo kinanigonga mgongoni, damu ya samaki imenizunguka, giza linaingia. Nikafanya alichofanya kila mzamaji tangu dunia iumbwe: nikanyanyua nilichoshika nikakipunga. Kafi juu. Mara moja. Mara mbili.

Ufukweni, baadaye nilisimuliwa, Kapteni alisema kwa furaha, "Kashusha!" Wakaanza kukaza.

Sijui niielezeje ile hali ya kuvutwa na mshipi usiouona. Siyo kama kuvutwa na mtu. Unakwenda kinyumenyume, bega limetangulia, na kila ukijaribu kukaza miguu wimbi linakuinua. Nikapiga kelele, maji yakaingia. Nikapiga shahada. Nikapita katikati ya konyeza, wale wa baharini wanaowasha, wawili watatu wakaniachia kumbukumbu kwenye mapaja. Nikawaza ile ndoana ya kutu: hivi inachukua miezi mingapi mpaka kumalizika?

Kule juu ya pikapu Mkongo ndiye alikuwa ameshika rili. Namsikia kwa mbali: "Iko nguvu hii samaki! Kapteni, ishakula! Ishakula!" Na kwa sababu nilikuwa napigania roho, kweli nilikuwa na nguvu. Mara mbili niliuvuta mshipi ukatoka kwenye rili. Kapteni akamwelekeza asiwe na haraka, amchoshe kwanza.

Walinichosha kwanza.

Taa ya kichwani ya Kapteni ilinimulika maji yakiwa ya magotini, nimelala chali, napumua kwa mdomo. Kwa sekunde kadhaa hakuna aliyesema neno. Kisha jirani wa pikapu ya pili, mzee wa Kimarekani aliyekuja mbio kusaidia kushika mkia, akaangalia mkanda wa kupimia alioushika, akaniangalia mimi, na akaunyoosha. Futi tano na inchi nane. Kapteni akakata mkanda wa jaketi kwa kisu, akaitoa ndoana, akanipiga begani mara mbili, akasema naweza kwenda. Mkongo alikuwa anarekodi yote hayo kwa simu, huku analia kwa kicheko. Asubuhi maji yalipotulia Kapteni alinionyesha pale nilipopigia shahada. Alisimama hapohapo. Maji yalimfika kiunoni.

Chambo kilichofuata, usiku uleule, Kapteni alikipeleka mwenyewe.

Na kama saa sita usiku rili ililia kweli. Ile siyo sauti ya Mkongo akivuta boksi lililonyeshewa, ni mluzi mrefu usiokata. Dakika arobaini. Alipofika kwenye maji mafupi nikaona kwanza pezi, halafu mgongo mpana kama mlango, papa-fahali jike, futi saba na inchi nne. Kapteni alibadilika kabisa, hana mzaha: hatumpandishi mchanga mkavu, maji yapite kwenye matamvua muda wote, mmoja ashike mkia, mmoja apime, picha moja. Ndoana ilikuwa pembeni mwa mdomo, sawasawa na yangu. Karibu na pezi la mgongo akamchomeka kialama kidogo chenye namba. Idara ya uvuvi ya Marekani ina mpango huo tangu 1962, wavuvi wa kujitolea wanawatia alama, na akinaswa tena mahali pengine wanajua amesafiri kiasi gani.

Mkia nilishika mimi. Ngozi yake ni msasa mtupu, ukipapasa kuelekea kichwani inakukwaruza. Tukamgeuza, tukatembea naye mpaka kifuani, akasimama kidogo mikononi mwangu kama anayewaza, kisha akanichapa na kuondoka. Nikaanguka tena. Safari hii nilijua maji yalikuwa ya kifua.

Jumapili tulipopata mtandao nikamtumia Mama video ya papa. Mkongo, bila kuniuliza, akamtumia ile nyingine. Namba anayo, wanasalimiana. Tulikuwa tumesimama kula soseji kituo cha mafuta pale jibu lilipoingia, ujumbe wa sauti wa dakika nne.

"Mwanangu, nimeona. Nimewaita na wenzio, mjomba wako yuko hapa. Papa mkubwa, mashaallah. Sasa naona mnamgeuza, nikasema labda kumpeleka kwenye kivuli. Mara naona ameondoka! Mjomba wako anauliza, lile ini je? Sifa, yale mafuta ya ini, si ingepaka dau zima? Nimerudia video mara tatu nikidhani simu yangu ina kasoro."

Nikamjibu: Mama, hawa wanakua polepole, wanazaa wachache, wakubwa wakiisha wameisha. Tena wakubwa wana zebaki nyingi, si wazuri kuliwa.

Ikaja sauti nyingine, fupi.

"Haya. Na wewe nimekuona ulivyovuliwa. Wewe kukurudisha sawa, hata mimi ningekurudisha. Lakini papa?"