Tangi Lililolazwa Godoroni

Gari langu ni Volkswagen ya mwaka 1969, ile yenye umbo la kobe, na nyumbani kwetu halina jina jingine ila Kobe. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akilitumia kama banda la kuku, na mpaka leo nikifunga breki kwa ghafla hutokea unyoya mmoja sijui kutoka wapi. Wasiolijua gari hili nawaomba washike mambo mawili, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu yake. Injini iko nyuma, mahali ambapo magari mengine huwekewa mizigo; na tangi la mafuta liko mbele, chini ya boneti, karibu na magoti ya abiria, na mizigo nayo huwekwa humo humo, ikilala juu ya tangi. Wajerumani walioliunda walikuwa na sababu zao, na likiwa limepangwa hivyo hivyo lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa hiyo sikuwa na la kuwafundisha, ingawa kwa muda wa wiki moja hivi nilidhani ninalo.

Kobe lilianza kuzimika njiani. Fundi wangu, mzee aliyeanza kuzishika Volkswagen kabla mimi sijaota meno, alifungua kabureta, akanionyesha vumbi jekundu kwenye ncha ya kidole, akasema tangi limeshika kutu ndani, litolewe lisafishwe. Kisha akataja bei. Bei yenyewe haikuwa kubwa. Lililoniudhi ni kwamba aliitaja bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. Nikamwambia kazi hiyo nitaifanya mwenyewe. Akajibu, "Haya, bwana mkubwa. Ila jiko lisiwe karibu, na usidhani tangi likishakuwa tupu ndiyo salama. Mvuke ni mbaya kuliko petroli yenyewe." Nasaha hiyo niliifuata. Kama ningeuliza na nyingine, nisingekuwa na hadithi.

Kulitoa tangi kulikuwa rahisi kiasi cha kunivimbisha kichwa. Linashikwa na bolti 4 tu, moja kila pembe, na spana namba 13 inazitosha zote. Nikalitia lita 5 za siki na mnyororo wa baiskeli, nikaziba midomo yake yote, nikawaita watoto walibiringishe uani ili mnyororo ukwangue kutu. Ili lisipondeke nililaza chini godoro la sponji la futi 3 kwa 6, inchi 4, ambalo hulalia wageni. Mnyororo uliingia tangini kwa dakika moja na ukatoka kwa saa moja na nusu, baada ya kuvuliwa kwa waya kama samaki, na wakati wote huo nilikuwa nimepiga magoti juu ya lile godoro nikilihisi jinsi lilivyo laini. Hapo ndipo wazo liliponijia.

Kiwandani, kati ya tangi na bodi, kuna ukanda mwembamba tu wa kulizuia lisigongane na bati. Wa kwangu ulikuwa umekauka na kukunjamana kama ulimi wa kiatu cha zamani. Nikajiambia kwamba watu wa nchi ya baridi hawakufikiria jua la Tanga, jua ambalo saa saba za mchana hulifanya boneti lisigusike. Tangi linalostahili gari la pwani ni tangi lililovishwa, chini, pembeni na juu, lisipate joto wala lisitoe mlio. Nikaenda jikoni nikachukua kisu.

"Baba watoto," mke wangu akasema, akiwa amesimama mlangoni, "hilo si godoro la wageni?"

"Ndilo."

"Na wageni wakija?"

"Wakija watapanda gari lisilopiga kelele."

Hakujibu. Alirudi ndani akafunga mlango polepole, kwa namna ambayo mtu aliyeoa kwa miaka mingi huielewa vizuri kuliko maneno.

Nililivisha tangi kama mtoto mchanga. Katika kufanya hivyo nilikuta karibu na shingo la kujazia mafuta kijipira chembamba kama mrija wa soda, kigumu, kilichopasuka, kilichokatika nilipokigusa. Sasa gari hili lina kioja kingine: maji ya kusafishia kioo cha mbele husukumwa na upepo wa tairi la akiba, kwa mrija mwembamba unaopita humo humo mbele. Nikaamua, bila kumuuliza mtu, kwamba kijipira kile ni cha maji ya kioo. Na kwa kuwa sijawahi kuosha kioo kwa njia ile, nikakitupa. Kile kinundu cha chuma kilichobaki wazi nikakifunika kwa sponji safi. Ubao mwembamba unaofunika tangi haukupata tena nafasi ya kukaa, nao nikauweka kando. Boneti halikukubali kufunga mpaka nilipomwita mpwa wangu akalikalia.

Kwa siku tatu nilizunguka mjini nikiwa na mafuta robo tangi, na Kobe lilikuwa kimya kama msikiti kabla ya adhana. Nilipita mbele ya gereji ya fundi mara nne. Mara ya nne alinipungia mkono, nami nikapiga honi.

Mpwa wangu huyo huyo aliyekalia boneti ndiye aliyekuwa anaoa, na sanduku la bibi harusi lilitakiwa lipelekwe Pangani siku ya Jumamosi. Miaka hiyo barabara ya Pangani ilikuwa bado ya vumbi na makorongo, zaidi ya mwendo wa saa moja, na familia ilikuwa imekodi gari dogo la kawaida. Nilikataa katakata. Nikasema sanduku la mpwa wangu litakwenda kwa gari lenye heshima yake. Alfajiri nikapita kituo cha mafuta, na kijana wa pampu alipotaka kuacha nikamwambia aongeze mpaka petroli ionekane shingoni, kwa sababu sikutaka aibu ya kuzimikiwa njiani. Lita 40, tangi pomoni. Kisha nikaliegesha Kobe juani mbele ya nyumba ya dada yangu, boneti likitazama mashariki, tukasubiri wanawake wamalize kujipamba. Walimaliza saa tano na nusu.

Sanduku likawekwa mbele, moja kwa moja juu ya godoro: doti za kanga, vitenge, viatu, chupa za manukato, na kando yake kikapu cha halua. Boneti likagoma. Vijana wawili wakalikalia, likafunga kwa mlio ambao ulipaswa kunishtua, mlio wa kitu kilicholowa kinachokamuliwa.

Shangazi yetu, mama wa miaka sabini na kitu, aliketi mbele pamoja nami. Tulipofika nje ya mji akaniambia, "Mwanangu, mbona mguu wangu unalowa?"

"Ni marashi, shangazi. Labda chupa moja imefunguka."

"Marashi gani haya yenye kuchoma?"

Nikashusha kioo. Harufu niliisikia, siwezi kusema uongo, lakini nilikuwa nimeishi na petroli kwa wiki nzima, na pua yangu ilikuwa imeshajiuzulu. Nyuma yangu dada yangu alikuwa akinusa limau, na jirani yetu aliyekaa naye alianza kuuliza umbali uliobaki, kwanza kwa kilomita, kisha kwa dakika. Kwa kila korongo tulilolipita sanduku liliruka, likatua juu ya godoro, na godoro likatema.

Tukafika. Vigelegele vikapanda, watoto wakalizunguka Kobe wakiligusa macho, wanawake wa upande wa bibi harusi wakatoka wakiwa wamejipanga vizuri. Nikafungua boneti kwa maringo. Mvuke uliotoka humo ulinipiga usoni mpaka nikarudi nyuma hatua mbili, na hapo ndipo nilipomwona bibi mmoja mnene, mwenye tabasamu la baraka, akija moja kwa moja kuelekea kwenye sanduku huku amebeba kwa mikono miwili chetezo chenye makaa mekundu na udi unaofuka.

Sijui nilipiga kelele kwa neno gani. Walionisikia wanasema nilisema "Rudisha!", na kwa kuwa sanduku la posa ndilo lililokuwa mbele yetu sote, upande wa bibi harusi ulielewa kwamba tumevunja ndoa. Vigelegele vikakatika katikati. Yule bibi akaganda, chetezo mkononi, kama hatua kumi kutoka kwenye karibu lita 40 za petroli. Nikamkimbilia, nikamnyang'anya chetezo, nikatimua mbio nacho hadi ufukweni nikakitupa majini na udi wake wote, na niliporudi nikihema, nimelowa hadi magotini, nikakuta wazee wa pande zote mbili wameshaanza kikao.

Maelezo yangu yalipokewa baada ya shangazi kuvua kiatu na kukipitisha kwa wazee, mmoja mmoja, wakinusa. Kobe likasukumwa kwa mikono mpaka uwanjani, mchanga ukamwagwa chini yake, na sanduku likafunguliwa uani. Kanga zikaanikwa kwenye kamba tatu. Halua ilipelekwa kwa mzee wa nyumba, akaileta karibu na midomo, akaitazama, akairudisha sahanini kwa adabu.

Shangazi alirudi Tanga kwa basi. Alipokuwa ameshakaa alitoa kichwa dirishani akaniita nikasogea. "Mwanangu," akasema, "siku nikifa, hata kama magari yote ya mji yameharibika, usijitolee."

Jumatatu fundi alitoa vipande vya godoro kimoja kimoja, akivikamua ndani ya ndoo, bila kusema neno. Kisha akaniuliza kijipira cha kupumulia kiko wapi. Nikamwambia nilidhani ni cha maji ya kioo. Hapo aliweka chini kikombe cha kahawa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanieleza: petroli inayotoka kwenye tangi la ardhini ni ya baridi, ukijaza hadi shingoni kisha ukaiacha juani, hutanuka, na lita 40 zikipanda nyuzi joto 20 huongezeka karibu robo tatu ya lita, ambayo lazima ipate pa kwenda. Kijipira kile ndicho kinachopitisha pumzi ya tangi. Mimi nilikuwa nimeielekeza pumzi hiyo kwenye sponji ya inchi 4, nikaweka sanduku juu yake, na kuwakalisha vijana wawili wakamue. Na makorongo ya Pangani yakafanya kazi iliyobaki. Akakata ukanda mwembamba wa mpira usioliwa na mafuta, akaulaza kwenye kingo tu ambapo tangi hukaa, akaweka kijipira kipya, akarudisha ubao, na boneti likafunga kwa kidole kimoja. Bei ilikuwa ile ile aliyoitaja mwanzo, pamoja na ya kijipira.

Ndoa ilifungwa. Kanga zote zilifuliwa, zikarudia harufu yake njema, isipokuwa doti moja iliyokuwa chini kabisa ya sanduku, ambayo mke wa mpwa wangu huiweka peke yake kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila nikienda kuwatembelea, hunikaribisha akiwa ameivaa.