Zebaki ya meno: je, Uingereza ilikosea kuanza na nusu?

Amalgamu inayozibia meno ni zebaki kwa karibu nusu ya uzito wake. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na tanuri la kuchomea maiti hupita 800, kwa hiyo hupanda na moshi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kukadiria zebaki hutaja gramu 1 hadi 4 kwa kila maiti. Moto hauiharibu. Hushuka na mvua, bakteria wa matope huigeuza kuwa methilizebaki, sumu inayoingia kwenye samaki.

Mwaka 2005 Uingereza ilitangaza kuwa kufikia mwisho wa 2012 nusu ya maiti wanaochomwa wawe wanapitia matanuri yenye mitambo ya kuchuja zebaki. Kituo kisichofunga mtambo kingeweza kuwalipa waliofunga, kupitia CAMEO, mpango wa vituo vya kuchomea maiti wa kugawana mzigo wa kuchuja zebaki. Wapo wanaoona kuwa huku ni kuuza ruhusa ya kuchafua hewa. Hoja yao ina uzito: anayeishi chini ya dohani isiyochujwa hafaidiki na gramu zilizonaswa mji mwingine.

Lakini tuutazame mtambo wenyewe. Moshi ukitoka tanurini hupozwa hadi karibu nyuzi 150, hupuliziwa unga wa kaboni amilifu (mkaa wenye vinyweleo vingi vya kunasa sumu) na chokaa, kisha feni huuvuta kupitia mifuko ya kuchujia. Kaboni hushika zebaki, chokaa hushika asidi, na unga uliotumika huondolewa kwenye mapipa kama taka hatarishi. Moshi ukibaki moto mno, kaboni haishiki vizuri na mifuko huharibika. Ukipoa mno, asidi hugeuka umande: chokaa hulowa na kugandamana, mifuko huziba, chuma huanza kuliwa. Umeme ukikatika, njia ya dharura hufunguka na moshi hutoka bila kuchujwa.

Sasa ufungie mtambo huo tanuri kuukuu, lenye matofali yaliyopasuka na mlango usiobana. Hewa ya nje huingia kila upande, feni hulemewa, na chujio hupokea ujazo ambao halikuundiwa. Aidha, kipozeo, chujio na feni huhitaji chumba ambacho jengo la zamani halina. Ndiyo maana ni busara kungoja tanuri lifike mwisho wa maisha yake, kisha tanuri jipya na mtambo vifungwe pamoja. Kumshurutisha mwenye tanuri lililobakiza miaka mitatu ni kumfanya alipe mara mbili, na gharama hiyo huishia kwa wafiwa.

Hesabu ya kugawana mzigo nayo si hila. Kituo cha maiti 2,000 kwa mwaka kikiwachuja wote kimevuka nusu yake kwa 1,000. Kituo kidogo cha maiti 800, kisicho na mtambo, kinadaiwa 400, nacho hukilipa kituo chenye ile ziada ili hao wahesabiwe humo. Maiti wakipungua nusu, bei ya mtambo haipungui nusu; bila mpango huu baadhi ya vituo vidogo vingeelemewa.

Kuna pia wasemao tusifunge chochote, kwa kuwa amalgamu inaondoka yenyewe. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sehemu kubwa kuanzia Januari 1, 2025. Hapa ndipo napinga kwa nguvu. Aliyezibwa jino mwaka 2020 akiwa na miaka 30 huenda akafikishwa tanurini mwaka 2070. Kizibo hakijui kwamba sheria imebadilika. Nusu karne ni muda wa kubadilisha matanuri zaidi ya mara moja, kwa hiyo anayeomba kufunga mitambo kwa awamu hana kisingizio cha kuomba msamaha wa kudumu. Nusu ilifaa kuwa hatua ya kwanza. Kuifanya kikomo ni kosa. Kila tanuri jipya lije na chujio lake, hata pale linapochukua nafasi ya la zamani.

Na joto linaloondolewa kwenye moshi lisipotee. Huko Redditch, mji wa Uingereza, mwaka 2011 halmashauri iliidhinisha litumike kupasha maji ya bwawa la kuogelea.

Linalobaki ni ukaguzi. Kituo kinachodai kuchuja maiti wote kionyeshe pia, mwezi kwa mwezi, saa ambazo njia ya dharura ilikuwa wazi.