Aliyepewa figo akinyamaza, msikimbilie kumwita punda

Mtu akipewa figo na ndugu yake halafu baada ya mwaka aanze kukwepa simu za huyo ndugu, huku kwetu Bombo, Uganda, hukumu inatoka siku hiyohiyo: fadhila ya punda mateke. Juzi nimeisikia tena matangani, anasemwa jirani yangu aliyepewa figo na kaka yake, na imeniuma.

Aliyetoa ana haki yake, hapo sibishi. Kapasuliwa akiwa mzima, boda kaiweka kando wiki kadhaa, na hatari ipo kweli, maana utafiti wa Marekani wa 2014 ulikadiria kwamba katika watoaji 10,000, kama 90 watakuja kufeli figo maishani mwao, wakati kwa wenye afya kama yao ambao hawakutoa ni 14. Ni wachache, lakini akitaka kujua figo aliyoitoa inatunzwaje, ni haki yake.

Ila mwangalieni na aliyepewa, huyo jirani yangu. Kwenye arusi fulani nilikaa naye meza moja, akanyoosha mkono achukue chumvi, kaka yake akamdaka mkono mbele za watu, “we, usiniulie figo yangu!” Meza nzima ikacheka. Yeye akanawa mikono na chakula akakiacha palepale. Huyu anameza dawa asubuhi na jioni mpaka atakapokufa, na akipima kreatinini, kipimo cha damu cha kuona figo inafanyaje kazi, kaka anataka karatasi kabla mwenyewe hajaisoma.

Na kuna jambo watu wanalipita haraka mno. Figo iliyotolewa na mtu aliye hai kwa kawaida inadumu kama miaka 15 mpaka 20. Sisi tunasema “kampa maisha” kana kwamba yameisha hayo, kumbe aliyepandikizwa na miaka 30 anajua kabisa kwamba akikaribia 50 huenda akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na siku hiyo ndiyo atamwangalia kaka usoni. Tangu mwanzo ilikuwa hivyo, upandikizaji wa kwanza kufanikiwa ulikuwa Boston, Desemba 1954, Ronald Herrick akampa pacha wake Richard. Richard akaishi miaka 8, ugonjwa uleule ukairudia figo mpya, akafa 1963. Ronald akaishi mpaka 2010. Richard hakufanya uzembe wowote, lakini hebu fikiria ingekuwa hapa kwetu, ile miezi ya mwisho angesemwaje?

Kwa hiyo mimi ule ukimya siuiti kukosa shukrani, naona ni woga wa mtu aliyebeba amana asiyoweza kuirudisha, na kila anayemuuliza hali anaulizia amana kwanza.

Hili litatuhusu zaidi sasa, maana Desemba 2023 hospitali ya Mulago, Kampala, walipandikiza figo ya kwanza hapahapa Uganda, na sheria ya mwaka huohuo inakataza kuuza viungo, ni sawa kabisa, ila maana yake watoaji wengi watakuwa ndugu wa nyumba moja wanaokutana kila Idi na kila msiba. Mtoaji anapohojiwa kabla ya upasuaji kama hakulazimishwa, mpokeaji naye aitwe peke yake aulizwe: figo ikikataa, utamwambia nani kwanza?

Jirani yangu nilimuuliza. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mke wangu. Kaka, labda mama angemwambia.”